Mstari wa Maji Ngazini Kwangu

Shoga, ule uvumi wa sokoni kwamba nyumba itakayochorwa mstari mwekundu wa maji juu ukutani itabomolewa ulinikaa kichwani mpaka nikafanya ujinga.

Mtaalamu wa mafuriko kaja kupima kijito chetu. Kaniuliza, "Mama, mvua zile kubwa, maji yalifika wapi?" Nikamwonyesha ngazi ya kwanza.

Ngazi, shoga. Na wewe ulinisaidia kuanika magodoro, unajua yalifika dirishani.

Akachora mstari pale pale ngazini.

Mpangaji wangu mgeni, yule fundi cherehani, akauona akacheka. "Kumbe naogopa bure, mama. Leo nawashusha wanangu walale chumba cha chini, huku juu tunapigana mateke."

Nikajifanya nafagia ngazi.

Nikamuuliza mtaalamu kama watabomoa. Akasema, "Hatubomoi. Tunataka kujua nani ahamishwe kwanza mvua zikija." Akaenda zake. Nimemkimbilia hadi darajani nikamwambia nilidanganya. Anarudi kuufuta. Sasa naenda kwa fundi, sijui naanzaje.

Kesho mtaalamu anakuja kwenu, basi shika haya:

Usishushe kipimo.
Usibebe maneno ya sokoni.
Usiguse mstari akishachora.
Usilaze mtoto chumba cha chini, hata mwenye nyumba akikuapia.