Kofia ya Baba na Koti la Inspekta

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Kitale

Nimemsikia Nyongesa redioni asubuhi nikimenya viazi. Sauti imekuwa nzito, lakini ni yeye. Mtangazaji alimwuliza kuhusu koti na kofia ya Inspekta Kundu, yule mpelelezi aliyemwigiza katika *Mvua ya Endebess*. Kipindi kilipigwa picha hapa Kitale mwaka 1987, na sasa vijana wanakitazama upya kwenye simu. Akajibu bila kusita — alishonewa koti na fundi Mzungu Nairobi. Kofia nayo ilitoka huko huko. Koti lililiwa na nondo, lakini kofia bado anayo.

Nikaweka kisu chini.

Niandike yalivyokuwa, angalau pawe na mahali pamoja duniani palipoandikwa ukweli. Koti nililishona mimi, Rosaline Nyaguthii, mwalimu wa sayansi ya nyumbani, kwa cherehani ya shule, kutoka blanketi la bweni. Kofia ilikuwa ya baba yangu, Waithaka. Nyongesa alikuwa mwalimu mwenzangu, akifundisha historia. Alikuja kwetu, kijiji cha Kwanza, akanywa uji vikombe viwili, akamwomba Baba kofia kwa wiki tatu. Baba akamwambia, "Ichukue, lakini usiikalie." Wakacheka.

Wiki tatu. Leo ni miaka thelathini na minane. Nilimwandikia barua nne, hakujibu hata moja. Baba alifariki 1991, na katika juma lake la mwisho aliuliza mara mbili kama yule mwalimu amerudi. Tulimzika kichwa kitupu — mzee ambaye hata kukamua ng'ombe hakwenda bila kofia.

Viazi vimeungua jikoni nikiandika.

Jumatano, 6 Agosti

Kumbe mahojiano ya redio yalikuwa tangazo, na leo nimelisoma lote kwenye simu. Tarehe 30 kutakuwa na sherehe ya kumbukumbu ya kipindi, katika ukumbi mmoja pale Bungoma. Kutakuwa na mashindano ya kuvaa kama Inspekta Kundu. Mwamuzi ni Nyongesa mwenyewe, na sharti amelitunga yeye: kila kitu kiwe kama kinavyoonekana kwenye skrini, hadi kifungo cha mwisho. Mshindi atavishwa kofia ya Inspekta, aende nayo kwake.

Nimesoma hilo mara tatu. Anataka kugawa kofia ya baba yangu. Akishaipata kijana wa Webuye au wa Eldoret, sitaiona tena.

Nilipiga simu. Mwandalizi ni msichana anaitwa Vivian. Akaniita kukhu, ndiyo nyanya kwa Kibukusu. "Sasa kukhu, unaandikisha nani? Mjukuu?" Nikamwambia aandike mpwa wangu Kibe, mwenye duka la misumari na mabati.

Mpango wangu ni rahisi. Yeye ametunga sharti, nami nitalitimiza kuliko mtu yeyote aliye hai. Halafu achague — anipe kofia, au avunje sharti lake mbele ya ukumbi mzima.

Alhamisi, 7 Agosti

Saa tatu nzima kwenye simu, nasimamisha picha, naivuta karibu. Macho yanauma. Lakini nimekumbuka kila mshono.

Jambo ambalo wote watakosea ni hili. Koti la mwanaume hufungwa upande wa kushoto juu ya wa kulia. La mwanamke ni kinyume, wa kulia juu ya wa kushoto. Mwaka ule nilikuwa na kiolezo kimoja tu cha koti, cha darasa la wasichana, na muda ulikuwa siku mbili. Nyongesa alikuwa mwembamba kama muwa, koti likamkaa. Kwa hiyo Inspekta Kundu, simba wa upelelezi, alikimbiza wezi vipindi kumi na viwili akiwa amevaa koti la kike. Hakuna aliyegundua. Nilicheka peke yangu miaka mingi.

Tena katika kipindi cha tatu, kwenye mvua, anainua kola na chini yake unaonekana mstari mwekundu. Vijana wanadhani ni mtindo. Ni mstari wa blanketi.

Na kofia, upande wa kushoto utepe ni mpana. Niliichoma kwa pasi ya makaa usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya picha, nikafunika kidonda. Ndani, chini ya ngozi inayopokea jasho, Baba aliandika jina lake kwa kalamu ya kuandikia magunia. Hilo halionekani kwenye skrini. Hilo nalijua mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Mitumba ya Kitale, tangu asubuhi. Bwana Wanyoike, muuza makoti, aliniambia moja lilikuwa la balozi. Nikamwuliza balozi yupi. Akaniita nyanya kwa Kikuyu: "Cucu, wa nchi yenye baridi." Nilipotazama upande wa vifungo akashangaa. "Si kifungo ni kifungo, bora kifunge?" Nilimshukuru kwa moyo wote. Washindani wangu wote wanafikiri kama yeye.

Koti sikupata. Kofia nilipata, ya kahawia, ya sufu, ukingo umepindapinda lakini mwili ni mzima. Mablanketi ya siku hizi yote ni laini kama paka. Nataka lile gumu, linalowasha.

Jumanne, 12 Agosti

Soko la Kamukuywa! Mama mmoja sokoni alikuwa amefunikia magunia ya maharagwe blanketi la kijivu, lenye mstari mwekundu. Nilisimama hapo mpaka akaniuliza kama nimeshikwa na kizunguzungu.

"Nauliza blanketi," nikasema.

"Madam, mimi nauza maharagwe."

"Nitachukua na maharagwe."

Akaita wenzake waje waone mwalimu anayenunua kifuniko cha gunia. Walicheka vizuri, nami nikacheka nao. Mtu mwenye nia haoni aibu.

Jumapili, 17 Agosti

Blanketi nimelifua mara mbili na bado linanuka maharagwe. Kiolezo cha mwaka 1987 kiko, cha karatasi ya gazeti, ndani ya Biblia kubwa ya Baba. Nimekata leo baada ya ibada. Mhubiri alisema tuwaachie waliotukosea. Nilimsikiliza kwa adabu, huku nikipanga nianze na mkono au na mgongo.

Jumatatu, 18 Agosti

Kibe, ambaye huniita Tata, yaani shangazi, amekuja kupimwa. Ana kifua kama pipa, sijui nilikuwa nafikiria nini. Aliingiza mikono, akasimama wima kama askari.

"Tata, nikipumua kitu kitapasuka."

"Usipumue."

"Na nikipiga chafya?"

Nikamvua. Nilitaka kuongeza kitambaa mabegani, lakini hapo ndipo usahihi unapokufa. Kwenye skrini mabega ni membamba. Koti hili lilikatwa kwa kiolezo cha msichana, na mwili wa kupimia ulikuwa wangu. Kibe akaniangalia nikilishikilia mbele ya kioo. Akasema ati, Tata, si ulivae wewe.

Nililivaa. Miaka sabini na moja, na limenikaa kama jana.

Jumatano, 20 Agosti. Bungoma

Jentrix nilimfundisha kushika sindano. Leo ni fundi, ana duka lake na wasichana wanne. Nilimpelekea kofia aitie mvuke, anyooshe ukingo. Alifurahi mpaka nilipomwambia atakayevaa ni mimi.

Akafunga mlango wa duka.

"Madam, hapana. Kwetu mwanamke akitokea na koti na kofia ya mwanaume, watu wanauliza mazishi ni lini."

Nikamwambia anieleze polepole. Akaeleza. Zamani mume akifa, mjane alivaa koti la marehemu na kofia yake, akatembea nayo mbele ya watu, wote wajue mwenyewe hayupo tena. Nikauliza kama bado wanafanya.

"Wachache. Lakini watu wa rika lenu wote waliona kwa mama zao. Sasa wewe uingie na koti ya Nyongesa, na Nyongesa amekaa pale anakuangalia? Bana, utakuwa umemzika akiwa hai. Wazee hawatakaa kwa viti."

Nilikunywa chai yangu. Nilikunywa yote. Kisha nikamwomba ashushe ukingo wa mbele kidogo, kama kwenye kipindi cha tano.

Aliushusha.

Mimi si Mbukusu. Watu wakiniuliza, naweza kusema mgeni hajui mila. Ndiyo maana naandika hapa, kwa mkono wangu, mahali ambapo sidanganyi: nilijua. Niliambiwa siku kumi kabla. Na baba yangu alizikwa kichwa kitupu.

Ijumaa, 22 Agosti. Kitale

Nimewasha makaa, nimepasha pasi ya zamani, nimechoma kofia kwa makusudi, upande wa kushoto. Harufu ni ile ile. Nilikaa chini kidogo. Baba alipoiona kichwani mwa Nyongesa mwaka ule alisema, "Sasa ina kidonda, kama mimi mguuni." Hakunigombeza.

Utepe umekaa vizuri.

Jumatano, 27 Agosti

Vifungo vinne, vitundu upande wa kulia. Nimebadilisha jina kwa Vivian. "Ni wewe mwenyewe, kukhu? Wacha! Utauwa watu." Msichana hajui alichosema.

Ijumaa, 29 Agosti. Bungoma

Nalala kwa Jentrix. Alipika kuku, akala kidogo. Aliniuliza nikipewa kofia nitaifanyia nini. Nikamwambia nitaipeleka Kwanza, niifukie pale kichwani pa Baba. Akauliza, na Nyongesa je? Nikasema Nyongesa ana kichwa chake.

Jumamosi, 30 Agosti. Ukumbini

Naandika nikiwa kwenye kiti cha plastiki, nambari kumi na tisa, daftari juu ya goti. Mikono lazima ipate kazi.

Tuko ishirini na moja. Nimewapitia wote. Makoti mazuri, mengine ya ngozi, kijana mmoja kutoka Bumula amejichora masharubu kwa wino. Ishirini wamefunga kushoto juu ya kulia.

Nilipoingia vijana walipiga makofi na kunipiga picha. Kisha mama mmoja wa safu ya pili, mzee kuliko mimi, akashika mdomo. Makofi yakaisha safu kwa safu, kutoka mbele kwenda nyuma. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Nani amekufa?" Wawili wametoka nje. Nimeambiwa yule mama ni Edinah, dada yake Nyongesa. Hajaniondolea macho.

Nyongesa yuko kwenye meza yenye kitambaa cheupe, na kofia iko mbele yake. Ukingo umechakaa. Utepe wangu bado upo. Amekonda tena, kama muwa uliokauka. Aliliona koti kwanza, kisha akaniona mimi. Akaweka kiganja juu ya kofia, kama mtu anayezuia upepo, na ukumbini hakuna upepo.

Nilitegemea nitafurahi. Nimefurahi.

Wametuita sote jukwaani, wakatuweka mstari, wakaonyesha picha kubwa ukutani — ile ya mvua, kola juu. Nikainua kola yangu. Vivian alitazama ukuta, akanitazama mimi, akawatazama wengine, akasema kwenye kipaza sauti kabla hajajizuia: "Ngoja, hata kufunga! Ni kukhu peke yake amefunga kama kwa picha." Vijana wakaanza kugeuza simu zao, kuhakikisha. Wa Bumula akajitazama kifuani, akacheka, akaanza kufungua vifungo. Wakauliza kwa nini Inspekta alifunga hivyo. Nyongesa akasema tukae kwanza.

Tumekaa. Sasa hivi Vivian amekuja, akachuchumaa karibu nami.

"Kukhu, mzee anasema utoe hiyo kofia kwa kichwa, watu wameogopa. Na ukitoa, atakupea yake huko nyuma, tukimaliza. Ati bila mambo mengi."

Kwa hiyo naipata. Nikisema ndiyo, jioni kofia ya Baba iko mkobani mwangu. Ndicho nilichokuja kuchukua. Jentrix, kule nyuma, alikuwa akiniashiria kwa kichwa nikubali.

Nikamwambia Vivian, "Mwambie aliikopa mbele ya mwenyewe. Airudishe mbele ya watu. Na ataje jina la mwenyewe."

"Jina gani, kukhu?"

"Limeandikwa ndani, chini ya ngozi. Ageuze asome."

Ameenda. Anamnong'oneza. Nyongesa anatikisa kichwa — hapana. Anatikisa tena. Kipaza sauti kilicho mbele yake hakikuzimwa, tunasikia anavyopumua.

Edinah amesimama. Amesema kitu kwa Kibukusu, neno moja. Jirani yangu wa nambari kumi na nane ananitafsiria: "Anamwambia, soma."

Ameigeuza kofia. Anapapasa mfukoni. Ametoa miwani. Kidole kimeingia chini ya ngozi, kinaiinua taratibu, kama mtu anayetafuta chawa. Miaka yote hii hakuwahi kutazama, naiona usoni mwake. Midomo inaanza kusogea.

Vifungo vyangu vinne vyote vimefungwa. Sifungui hata kimoja mpaka nisikie jina la Baba.