Camaro Yako Niliikuta Ariwara

Papa Neema wangu,

Nimerudi kutoka Ariwara jana. Wewe ndiye uliyenituma, kwa hiyo habari ni yako kwanza. Nimekaa hapa mlangoni kwetu Nyakasanza nakuandikia, ingawa najua mahali ulipo hakuna mtu anayegawa barua. Binti yako akiniona ataninunia. Neema anasema mama ameanza kuongea na watu wasioonekana. Mwache aseme, yeye hajafiwa na mume.

Nimeiona Camaro. Usifurahi upesi. Niache nikueleze polepole, maana habari za magari ulikuwa unazisikiliza umesimama, na leo nataka ukae.

Unakumbuka nilipoyakuta magari yako mara ya kwanza? Nilipokuja kuolewa kutoka Butembo, shangazi zangu walinionya kwamba wafanyabiashara wa Bunia wanapenda wanawake wengi. Hawakunionya kwamba wewe ulikuwa na magari matatu ya Kiamerika yaliyozeeka, na kwamba mimi ningekuwa mke wa nne. Kulikuwa na Mustang nyekundu uliyoitoa kwenye hangari ya mzungu wa kahawa, panya wamezaa ndani ya viti. Kulikuwa na Dodge nyeusi iliyofika ikivutwa na lori. Na kulikuwa na Camaro ya bluu, ambayo peke yake ndiyo iliyokuwa inatembea. Majirani walikuuliza utafanya nini na gari ambayo tumbo lake linagusa chini, kwa barabara hizi zetu. Ukawaambia si ya kusafiria.

Kweli haikuwa ya kusafiria. Kiangazi, Jumapili baada ya ibada, ulikuwa unaipangusa kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Mimi navaa kikwembe changu kizuri, tunakwenda mpaka mwisho wa boulevard, tunageuka, tunarudi. Ni hayo tu. Ukikanyaga pedeli ya essence, mabati ya maduka yanatetemeka na watu wa pikipiki wanatupisha wenyewe. Mlango wa upande wangu haukuwa unafunga vizuri, nilikuwa naushika kwa kamba safari nzima. Nilikuwa na furaha, Papa Neema. Sijui kama niliwahi kukuambia.

Dodge uliiuza tulipofungua duka. Mustang iliondoka mwaka ule tuliporudi kutoka kukimbia vita, tukakuta nyumba haina milango wala mabati. Zile mbili ulizililia wazi, mbele ya watu, kama mtu anayelilia wajomba. Camaro hukuililia.

Nilikuwa na mimba ya Neema, mtoto amekaa vibaya, wakanipeleka hospitali ya Nyankunde. Nilipoamka baada ya kupasuliwa, ulikuwa umekaa kando ya kitanda, viatu vyako vimejaa matope. Ulikuja kwa pikipiki. Nikakuuliza gari iko wapi, ukanijibu, "Iko inapumzika." Nilielewa siku tuliporudi nyumbani na mtoto mikononi, nilipoona pale uani mahali pake pamebaki doa la mafuta.

Hukusema kitu. Hiyo ndiyo iliyoniumiza, maana wewe ulikuwa mtu wa kunung'unika. Ulinung'unikia mahubiri marefu, ulinung'unikia chumvi. Nakumbuka mara moja nilitoka Ariwara na sufuria mpya, ile kubwa nzito ya aluminium iliyomiminwa na mafundi. Nikaichemsha kwanza na maganda ya ndizi kama tunavyofanya sisi wote kwa sufuria mpya, kisha nikapika sombe ya majani mateke ya muhogo. Ukatia tonge moja mdomoni, ukaacha kutafuna. Ukasema, "Mama Neema, hii sombe inanuka gari." Nilikununia siku kadhaa. Nilikwenda hata kumwambia mama yako kwamba mwanawe mpaka kwenye sahani anatafuta magari.

Lakini kwa Camaro yenyewe, kimya. Ufunguo wake ulibaki kwenye msumari nyuma ya mlango, maana aliyeinunua ulimpa ule wa pili. Mtu akiuliza habari ya ile gari, ulikuwa unanitupia jicho kwanza, ndipo unasema ah, ilikuwa imezeeka. Nilijua unaogopa nini. Uliogopa kwamba ukiijutia gari nitasikia unamjutia mke. Na mimi niliogopa hivyohivyo. Asubuhi nikikuona umesimama na chai yako karibu na lile doa, nilijiona kama kitu kilichowekwa mahali pa kingine. Tumekula, tumesali, tumemlea Neema mpaka amekuwa mtu mzima, na ile gari ikiwa katikati yetu, na hakuna aliyeitaja.

Mpaka ugonjwa ulipokulaza. Asubuhi moja nilikuwa nakukanda miguu kwa maji ya moto, ukanishika mkono nikaacha kitambaa.

"Mama Neema," ukasema, "ile gari niko najutia. Weye, sijakujutia hata siku moja."

Nililia, ukajifanya huoni. Kisha ukaongeza, kama mtu anayeomba kitu cha aibu, kwamba nikifika Ariwara niulizie, ulikuwa umesikia ilipelekwa kule. Nikakuahidi nitaipata na nitakurudia nayo mpaka mlangoni, nimeshika mlango kwa kamba. Ulicheka mpaka ukakohoa. Hukuningoja.

Basi kilio kimeisha, dada zangu wamerudi Butembo, na mimi nimefunga vikwembe vyangu vya kuuza, nikautoa ufunguo kwenye msumari, nikapanda lori. Ariwara niliuliza kwa mafundi wa magari wote, nikiwaonyesha ule ufunguo. Wengine walinionea huruma. Mchomeleaji mmoja ndiye aliyenielekeza kwenye kiwanja cha nyuma ya soko, kwa mzee mmoja anayemimina masufuria, wanamwita Fundi Ramazani.

Ilikuwa pale, Papa Neema, chini ya mti wa avoka. Haina magurudumu, haina motere, kioo kimoja tu kimebaki. Bluu yake imebaki kidogo chini ya madirisha, mahali jua halifiki. Kwenye kiti chako kuku ameatamia mayai. Niliingiza ufunguo kwenye mlango wako. Uliingia, lakini haukugeuka.

Fundi Ramazani alinawa majivu mikononi, akanipa kigoda. Nikamweleza mume wangu alikuwa nani. Akaniambia motere ilikuwa chuma, walishaiuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, ikavuka mpaka.

"Lakini boîte de vitesses yake, mama, ile sanduku ya gia, ilikuwa aluminium muzuri sana. Niliiyeyusha, ikatoka masufuria. Tuliziuzisha zote hapa mu soko."

Nikamuuliza lini. Akasema mwaka ule daraja lilibebwa na mvua.

Mwaka ule daraja lilibebwa na mvua, mimi nililala njiani na mizigo yangu, nikikuletea ile sufuria. Fundi akanionyesha alizomimina juzi. Mshikio wa kifuniko una meno madogo juu, kama kilemba cha jogoo, hiyo ndiyo alama ya kalibu yake, hakuna mwingine Ariwara anayemimina hivyo. Sikuhitaji kutazama sana. Yale meno nayasugua kwa majivu kila siku.

Aliniuliza kama nataka bodi. Nikamwambia abaki nayo, kuku asisumbuliwe.

Siwezi kuapa. Alimimina na aluminium za gari nyingine pia, aliniambia mwenyewe. Lakini wewe ulisema. Tonge moja tu, ukasema. Nimelia kutoka Mahagi mpaka nyumbani, dereva alisimamisha lori akidhani ninaumwa. Kwa sababu ndani ya sufuria ile ndimo nilimochemsha maji ya kukukanda miguu. Ndani yake kina mama wa kanisa walipika maharage ya kilio chako. Miaka yote hiyo ulisimama kwenye doa la mafuta ukiitafuta kwa macho, na yenyewe iko jikoni, nyuma ya mgongo wako, nakupakulia kutoka ndani yake.

Kama ungejua, najua ungefanya nini. Ungenikataza kuisugua kwa majivu. Ungeniletea kitambaa.

Leo nimepika sombe ndani yake. Nimepakua sahani mbili, mkono haujazoea bado. Halafu nimeinamia sufuria nikanusa, nikanusa mpaka mvuke ukaniunguza uso. Inanuka sombe tu, Papa Neema. Harufu ile wewe ndiye uliyekuwa unaijua.

Ufunguo nimeurudisha kwenye msumari wake. Pumzika.

Mke wako wa nne,
Mama Neema