Mkanda Nilioambiwa Niubadilishe

Jumamosi, jioni. Manyunyu yameshinda hapa Junju tangu asubuhi na ua wote ni tope. Gari limerudi kutoka kwa fundi. Halipigi kelele tena, na mimi sina hamu hata ya kulitazama.

Kuna jambo nimelibeba tangu Alhamisi ya wiki iliyopita, na nisipoliandika halitaniacha nilale.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo, fundi Saidi alifungua boneti akanionyesha ule mkanda mrefu ulio mbele ya injini, unaozungusha pampu ya maji na kuchaji betri. Ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino cha mtu anayelima bila viatu. Ndio uliokuwa ukilia kila nilipowasha gari. Akanieleza kwamba mkanda, roli ndogo ya kuukaza na kazi ya mkono wake, vyote elfu nane na mia tano. Nikamwambia asubiri mwisho wa mwezi.

Pesa nilikuwa nazo.

Wiki hiyo hiyo nilinunua vifuniko vipya vya viti, vya rangi ya kahawia. Nilitaka watu wakipanda gari langu wasifu. Mkanda nani angeuona?

Alhamisi hiyo nilikuwa nampeleka mama Malindi. Ana ugonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na huu ni mwaka wa pili haoni ila mwanga. Madaktari waliokuja kwa kambi ya macho walikuwa wamempima mapema wiki hiyo, wakampa kadi: upasuaji bila malipo, siku ya mwisho ya kambi, afike kabla ya saa mbili asubuhi, asile kitu. Tuliondoka kabla jua halijachomoza.

Mama alikuwa amejifunga leso mpya. Alikipapasa kiti kwa viganja vyote viwili, akafurahi, akasema mwanawe sasa ana gari la maana. Njia nzima alizungumza habari za Dama, binti yangu wa mwaka mmoja na nusu, ambaye mama anamjua kwa sauti na kwa uzito tu. Alitaka kujua kama kweli mtoto ana mwanya kama wake. Nikamwambia atajionea mwenyewe.

Mkanda ulikatika ndani ya msitu, kabla ya kufika Gede. Kishindo kimoja, taa ya betri ikawaka, usukani ukawa mzito, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikaegesha kando.

Hapo nikakosea mara ya pili. Matatu zilipita zikiwa na nafasi, nami sikusimamisha hata moja. Nilijiambia injini ikipoa tutafika Gede, si mbali. Nikamimina maji, nikawasha, tukasogea kidogo, mvuke ukafoka. Nikangoja, nikarudia. Mama alikaa, kadi mkononi, akiniuliza sasa ni saa ngapi. Mara ya kwanza nilimwambia kweli. Mara ya pili nilimdanganya.

Tulipofika Malindi, kwa matatu, ilikuwa saa nne kasorobo.

Muuguzi mlangoni alimwamkia shikamoo, akaichukua kadi, akaitazama kwa muda. "Mama, utusamehe," akasema. "Tulikungoja hadi saa mbili na nusu, tukampa mwingine nafasi yako. Madaktari wanaondoka leo."

Watarudi lini, hakujua. Mama alimshukuru, akamwombea heri, kisha akaomba maji ya kunywa. Hakuwa ametia kitu kinywani tangu usiku.

Tukirudi alinifariji yeye. Siku zilizofuata nikawa namsikia akiwaeleza majirani kwamba gari lilituharibikia ghafla, mwanangu hana kosa.

Ghafla.

Leo fundi Saidi amenikabidhi funguo. Joto lilikuwa limeunguza gasketi na kupinda kichwa cha injini, kwa hiyo zile elfu nane na mia tano zimekuwa elfu arobaini na mbili. Hakunikumbusha kwamba alinionya. Angenikumbusha, labda ningepata nafuu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama barazani akichambua mchicha kwa kupapasa. Nikaketi chini karibu naye, nikamweleza yote: kwamba nilionywa, kwamba pesa nilikuwa nazo, kwamba nilinunua vifuniko vya viti. Mikono yake ikasimama.

"Ungeniambia, Kazungu," akasema. "Pesa za korosho ninazo ndani. Ningekupa ukanunue huo mkanda."

Basi. Akaendelea na mchicha wake.

Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama kwenye manyunyu kama mtu aliyesahau alichofuata.

Nimepiga simu kwa hospitali moja ya macho. Wanapasua kila wiki, lakini ni kwa malipo. Baada ya injini, nilichobakiwa nacho, hata nikiongeza pesa zake za korosho, kinatosha jicho moja. Jumatatu nitampeleka, na safari hii tutakwenda kwa matatu.

Kesho, baada ya kanisa, itabidi nimuulize anataka jicho lipi.