Bwana Wangu Anamupa Mudogo Wangu Machine Yenye Inazima

Mama Jokébed, jambo sana. Nakuandikia nikikaa kwenye mulango ya salle yetu ya michezo ya video hapa Butembo, batoto banapiga makelele nyuma yangu, na naomba unisaidie mawazo, sababu mawazo yangu mimi imekwisha. Ukisoma hii kwenye redio, fasi ya majina yetu uweke ingine. Bwana wangu hatasikia, ile saa ya programu yako njo saa batoto banatoka masomo, salle inajaa, hata mutu akiita jina lake hasikie.

Bwana wangu umuite Ananie. Si mutu mubaya, mama, nataka ujue ile mbele ya yote, hajanipiga hata siku moja, pombe hakunywa, watu ya kwetu anawaheshimu kuliko mimi mwenyewe nawaheshimu. Wakati ile machine kubwa nyeusi ya michezo ilitoka mupya kabisa huko kwenye banaitengeneza, Ananie hakungoja batu baijaribu kwanza. Alivukia Kasindi, akaingia Uganda mupaka Kampala, akairudisha kwenye magoti yake ndani ya gari kama mutoto mwenye homa, na ile siku quartier, mutaa muzima, ilikuja kuiangalia, batoto na bazee, bengine balisimama inje kwenye dirisha. Tangu pale banamuita Papa Premier, baba wa kwanza, na ile jina inamufurahisha kuliko ile baba yake alimupa.

Donc, shida njo hii: ile machine inazima. Inaanza kunguruma kama pikipiki yenye inapanda kilima na mizigo, kisha pah, écran inakuwa nyeusi katikati ya match, na mwenye alikuwa anashinda analia, na mwenye alikuwa anashindwa anasema match ianze upya, na mimi njo nasimama katikati yabo kupatanisha, kila siku, mama, kila siku. Batoto bameipa jina Muzee. "Mama, Muzee amelala tena!" Tuliipeleka kwa fundi, akaifungua, akaipasha moto ndani ili vyuma vyenye viliachana vishikane tena, ikapona, ikaanguka tena, tukaipeleka kwa mwengine, ni vile vile. Ananie anasema ni courant ya umeme. Siku ingine anasema ni vumbi. Siku ingine anasema batoto ya siku hizi banashika manette za kuchezea mubaya.

Kisha dada yangu mwenye anachuuza na Uganda akatuletea ingine. Jina ni ile ile, michezo ni ile ile, mais hii ni ya nyuma, ilitoka kisha ile kubwa, kule kwenye banatengeneza balikuwa bamekwisha kurudilia kazi: ni ndogo, ni nyepesi, haikule courant mingi. Hii hapana kuzima. Inafanya kazi asubui mupaka tunafunga, hata kupumua hauisikie. Mais Ananie anaiita "ile plastiki", na mugeni akiingia anamukalisha kwa Muzee.

Sasa nifike kwa mudogo wangu, Sagesse. Alikuwa analima kakao upande wa Mabalako, shamba nzuri, miti yenye baba yetu alipanda na mikono yake. Unajua vita yenye ilifanya batu batoke kule, hapana haja nikueleze. Leo iko Beni, kwenye commune ya Beu, na bibi na batoto, na kazi hakuna. Akawaza afungue salle kama yetu. Alipata chumba karibu na soko, akapata panneau ya jua, akapata écran, ikabakia machine.

Siku ya Mungu iliyopita, tulipotoka kanisani, tulikuwa tumekaa kwa baba yetu, muzee Kataliko. Ananie akasimama, akasema mbele ya bote: "Shemeji Sagesse, kukupa maneno hakutakusaidia. Nitakupa machine yangu. Na si ile ya nyuma. Nitakupa ya kwanza." Mama Jokébed, mudogo wangu alifunika uso na mikono, akalia. Baba akaomba Mungu juu ya Ananie, juu ya machine, juu ya salle yenye haijafunguliwa. Mama yangu akapiga vigelegele. Bote bakaniangalia mimi kuona vile nafurahi, na mimi nikacheka, mais nilikuwa nawaza vile ile machine itafika Beni.

Sababu Butembo iko baridi, mama, njo maana Muzee anaishi. Tunamuweka kwenye dirisha, upepo inamupiga. Beni iko joto. Wakati wa fête ya bajeunes, vijana ya kanisa, tulimushukisha Beni, hakumaliza hata mi-temps ya kwanza, nusu ya match. Ananie akasema barabara ilimutikisa.

Ile Siku ya Mungu, tulipotoka kwa baba na kufika nyumbani, nilijaribu. Nilimuita polepole kwa jina ya mutoto wetu: "Baba Bénite, tumupe ile ndogo."

"Ile plastiki? Unataka baba yako aseme nilimupa mutoto wake masazo?"

"Mais ile kubwa inazima."

"Inazima sababu ya courant. Kitu ya kwanza njo ya kweli, Abigaïl. Za nyuma banapunguza vyuma ndani, banatengeneza tu ya kuuza mingi."

"Na ile ndogo? Si iko kwa courant ile ile?"

Alichukua kofia yake akatoka, na tangu siku ile ananiongelesha kama mutu wa benki.

Donc niko katikati. Sagesse atakuja kuchukua machine siku ya posho, jumamosi. Nikinyamaza, atafungua mulango, batoto ya Beu batakuja, Muzee atalala mbele yabo, na kesho yake hawatarudi, na mudogo wangu hana kitu kingine, shamba yake iko kwenye hakuna mutu anaweza kufika. Nikisema, nitamuvua bwana wangu nguo mbele ya familia yangu, yeye mwenye alitoa kitu anapenda kuliko vyote. Mutu akikupa kitu mubaya kwa ubaya, ni rahisi. Mais huyu anatoa kitu mubaya na roho nzuri, nifanye nini? Nimechoka kuamua, mama. Nimechoka hata kucheka. Nisaidie.

Mimi Abigaïl, mwenye kukaa mulangoni.

*

Jibu

Abigaïl, nimekusikia, na pole. Kusimama kila siku katikati ya batoto benye banabishana juu ya machine ya bwana yako, kisha uende kusimama katikati ya bwana yako na ndugu yako, ile inachokesha hata mutu wa chuma. Mais sasa ngoja nikuambie kitu hautapenda.

Umenyamaza mbele ya baba yako. Ulicheka mbele ya mudogo wako akilia. Unaita ile heshima kwa bwana. Mimi naita woga. Heshima njo ingekuwa kumuambia Ananie kweli mapema, wakati ilikuwa ingali mambo ya nyumba yenu. Umeacha mupaka bameombea machine, sasa unaniuliza kama kusema iko kazi ya nguvu. Ndiyo, iko nguvu. Mais ukichelewa itakuwa nguvu zaidi.

Juu ya machine, nitakuambia yenye najua, sababu kwangu pia kuko bajeunes benye banacheza. Bwana yako anasema kweli kidogo. Kuko vitu vya kwanza vyenye vilikuwa na sehemu zenye baliondoa kwa zile za nyuma ili bapunguze gharama, na kuko machine za kwanza zenye zinaishi mupaka zinazeeka. Kitu ya nyuma si nzuri kwa sababu tu ni ya nyuma. Mais mutu mwenye anatengeneza kitu kwa mara ya kwanza naye iko anajifunza. Hajue bado wapi joto itajificha. Batu benye bananunua wa kwanza njo banamuonyesha, machine zabo zikifa. Kisha anarudilia, anapunguza joto, anapunguza kula ya courant, njo maana ile yenu ya pili ni ndogo. Haikuwa ndogo kwa sababu balikuibia. Na tena, Abigaïl, uache kuuliza kiwanda. Ya kwenu imekwisha kujibu yenyewe, hapa Butembo na kule Beni. Uliiona na macho yako.

Sasa fanya hivi. Ongea na Ananie kesho asubui, muko babili, batoto bakiwa kwa masomo. Hapana anza na machine. Anza na zawadi: muambie hakuna mutu amepata kuipenda familia yenu namna ile, na useme ukimaanisha. Kisha useme neno moja tu: joto ya Beni. Umukumbushe ile fête. Hapana umuambie alidanganywa Kampala, hapana umuambie batu banamucheka. Mwanaume ukimufungia milango yote atapita kwenye ukuta, na ile ukuta ni yako pia. Umuachie mulango moja wazi, na akiipita, hapana umuulize kwa nini alipita pale.

Akikataa kabisa, mupigie Sagesse mbele ya posho na umuambie yote. Yeye ni mutu muzima, alipoteza shamba, si akili. Akiichukua, aichukue akijua. Mais kwa baba yako hapana kwenda. Yeye alikwisha kuomba, umuache apumzike na maombi yake.

Na ile kucheka ya bongo, yenye haitoki rohoni, uiache. Inakuchokesha kuliko kazi.

*

Mama Abigaïl alirudia kutuandikia, na aliniruhusu niwasomee:

Mama Jokébed, nilifanya vile ulisema, mais si vizuri sana. Nilimukuta Ananie amekaa chini ameifungua machine, anaitoa vumbi na brosse ya meno, na pembeni yake alikuwa ametandika blanketi yetu nzuri ya kuifungia juu ya safari. Nilitaka kurudi. Kisha nikakaa karibu yake, nikamushukuru, nikamuambia juu ya joto ya Beni. Aliendelea kupiga brosse. Akauliza bila kuniangalia:

"Kwa hiyo wakati huu wote ulikuwa unanicheka?"

"Hapana, Baba Bénite. Nilikuwa nachoka."

Akaacha brosse. Tulikaa pale mupaka batoto bakaanza kugonga mulango bakitaka kucheza, na hakuna mutu alisimama kubafungulia. Alisema tu: "Fête ile, mi-temps haikuisha." Nikamuambia ndiyo, haikuisha.

Siku ya posho Sagesse alifika na baba. Ananie akatoka na ile ndogo, ameifunga kwenye blanketi nzuri. Akasema: "Shemeji, nimewaza. Ile kubwa inaomba mutu mwenye ameizoea, hauwezi kuanza nayo. Chukua hii kwanza." Sagesse akaniangalia. Mimi nikaangalia sufuria. Baba hakufurahi, akasema: "Mukwe wangu, neno lenye tuliombea ni lingine." Nikaona mukono ya Ananie inabana blanketi, na pale mama, sijui nguvu ilitoka wapi, nikasema: "Baba, ni mimi nilimuomba abadilishe. Ukitaka kukasirika, unikasirikie mimi." Baba akakohoa, akaomba chai.

Sagesse alipiga simu kutoka Beu. Nilisikia batoto kuliko yeye. Anasema tangu alifungua haijazima hata mara moja, na banapanga musururu mupaka kwenye duka ya jirani. Ananie alichukua simu, akamufundisha vile inafaa kuifunika na kitambaa usiku sababu ya vumbi, akaongea naye mingi sana.

Mais sasa huku tumebakia na Muzee peke yake. Batoto bengine bamekwenda kwenye salle ya upande ya chini. Sijutie. Nimechoka tu, mais ni kuchoka kwingine.

*

Abigaïl, lala mapema. Machine muiweke kwenye dirisha yenye upepo mingi, mutafute ventilateur ya kupuliza upepo, na polepole muangalie namna ya kupata ingine ndogo. Safari hii umuache Ananie mwenyewe aende kuichagua. Na kila mara ile kubwa ikizima mbele ya batoto, hapana umuangalie bwana yako. Angalia batoto.