Miwani Yangu Imenivurugia Ukweni

Mshauri wetu mpendwa, naomba uniokoe kabla mtaa mzima haujanicheka, ingawa nusu wameshaanza. Mimi nauza mikanda, nazunguka nayo begani kutwa nzima, na jua macho yangu hayaliwezi, yalikuwa yanajifumba yenyewe, moja moja, ikawa kila mama nikimwonyesha mkanda anadhani nimemkonyeza, mume wa mmoja alinikimbiza mpaka nikaacha kiatu, basi nikaenda kwa daktari wa macho akanipa ile miwani ya maajabu, nje inageuka nyeusi tii, ndani inarudi nyeupe, nikasema sasa nimepona!

Jumamosi mchumba wangu akanipeleka kwao nikajitambulishe. Nimetembea na jua la saa saba, nimeingia sebuleni machoni giza kama mlinzi wa rais. Baba yake akaniangalia weee. "Kijana, humu ndani kuna jua?"

Ningeeleza yaishe, lakini mdomo wangu huu! "Mzee, kwa binti yako anavyong'aa, lazima nijikinge."

Akainuka, huyoo jikoni kwa mkewe. "Mama watoto, njoo umwone mhuni aliyeletwa na mwanao, kavaa miwani nyeusi ndani ya nyumba!" Wakabishana huko dakika kadhaa, kurudi, miwani nyeupe pee.

"Mhuni yuko wapi?" mama akauliza. "Mbona huyu macho yake mazuri tu?"

"Kabadilisha! Ana nyingine mfukoni!"

Nikapekuliwa, mshauri, ikatoka leso na funguo, na mimi nacheka, mchumba ananikanyaga mguu, nacheka. Mzee akasema, "Mtu nisiyeyajua macho yake simpi binti yangu." Tangu siku hiyo mchumba hapokei simu, na nampenda mno, nikimkosa huyu sijui nitacheka na nani. Niivunje hii miwani?

Muuza Mikanda

MSHAURI ANAJIBU:

Wewe bwana, nimecheka mpaka chai imenimwagikia. Pole. Lakini miwani haina kosa, mwenye kosa ni wewe na huo mdomo. Vioo vya namna hiyo huamshwa na jua na huchukua dakika kadhaa kutulia ukiingia ndani. Hilo ungelisema, ungekuwa unaitwa mkwe sasa hivi. Kuvunja usivunje! Unataka urudi kukonyeza wake za watu juani na kufukuzwa na waume zao?

Leo hii mtumie mchumba ujumbe wa kuomba radhi, bila kichekesho hata kimoja. Akikubali, rudini kwao pamoja. Ukifika mlangoni vua miwani, msalimie mzee kwa macho matupu ayaone vizuri, umwombe msamaha kwa kumtania. Kisha mkabidhi miwani aivae, asimame uani juani dakika mbili, halafu aingie mwenyewe sebuleni mbele ya mkewe.

Hapo ndipo nakuonya. Mzee akiingia na macho meusi tii, wewe uma ulimi, tazama sakafu. Mwache mama mkwe acheke wa kwanza.