Chaja Nakwenda Kuifuata Mwenyewe

Baba Shamima,

Wali na mchuzi wa pweza nimefunika jikoni. Shamima akitoka chuoni mpe kwanza yeye.

Kompyuta ~~irudishe kwa fundi wako~~ usiipeleke popote. Asubuhi ulilalamika kwamba tangu itoke kutengenezwa mchezo wako wa mpira unakwamakwama, ukasema ukitoka sokoni utairudisha mjini Chake, kwa yule binti fundi. “Tahira ndiye anayeijua.” Ulisema mbele yangu, nakumiminia chai. Miaka yote hii nani alikuwa akiifungua na kuitengeneza?

Ulipoondoka nimeitazama, kitu kimoja kimoja. Feni inazunguka, programu ya kadi ya picha ni mpya. Tahira kaitengeneza vizuri, sitamsingizia. Ila chaja yake kubwa umeisahau dukani kwake, ukachomeka hii yangu ndogo. Umeme wake hautoshi, ndiyo maana kadi ya picha inajipunguzia nguvu na mchezo unakwama.

~~Ifuate~~ Nakwenda kuifuata mimi. Ukikuta nyumba inanukia udi, nimejifukiza kabla ya kutoka, na buibui nililovaa ni lile la Idi. Nataka Tahira aijue sura ya mke wa mteja wake.

Mama Shamima