Jozi ya Pili ya Matoazi

Indiana, 18 Juni

Baba, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila jua la huku halina adabu. Kundi letu la ngoma linazunguka jimbo hadi jimbo, na simu wametunyang'anya hadi mashindano yaishe. Barua tunagawiwa Jumapili.

Wewe kwenye bendi ya chuo unatufundisha kwa sikio: goti juu, uwanja mzima upige kelele. Hapa wanapima kwa rula kijiti cha ngoma kimepanda kiasi gani! Lakini Baba, sote kumi tukipiga tunasikika kama mtu mmoja. Nimelipenda kundi hili, usininunie. Shida ni fainali. Ni tarehe tisa Agosti, na kambi ya bendi yako inaanza tarehe nne. Nishikie ngoma yangu, tafadhali.

Mwanao, Odile

Opelousas, 27 Juni

Binti yangu, marahaba. Mgongo upo, unauma. Nimepika mchuzi wetu wa gumbo, nimekula peke yangu.

Sheria unaijua. Anayekosa hata siku moja ya wiki ya kwanza hashiki ngoma mwaka mzima, anabeba matoazi. Niliiweka mimi kwa watoto wa watu, nitaipindishaje kwa wangu? Hizo za huko ni ngoma za mashine. Rudi nyumbani.

Baba yako

Kansas, 6 Julai

Baba, shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nililia kwanza.

Mwalimu mmoja mzee kaona jina langu, kauliza, "Alphonse Guidry ni nani wako?" Anasema mwaka 1989 ulikuja kujaribiwa kwenye kundi hili hili, mikono yako ikawanyamazisha wote, halafu ukatoweka kabla ya chakula cha mchana. Mbona hukuniambia?

Tarehe nne siji. Nisamehe.

Mwanao, Odile

Texas, 27 Julai

Baba, Jumapili tatu sasa majina yanasomwa, langu halimo. Unaumwa? Andika, hata kama ni kunigombeza.

Odile wako

Opelousas, 1 Agosti

Odile wangu, siumwi. Nilikuwa naona haya.

Siku ile waliniwekea karatasi mbele. Sikujua kusoma noti ya muziki hata moja. Nikaondoka, nikaja kuwaambia watu huku kwamba wale ni mashine. Miaka thelathini na sita nimesema uongo huo, hadi nikakuambia na wewe.

Wiki tatu hizi nimekuwa kwa Bibi Thibodeaux, mpiga kinanda wa kanisani, ananifundisha. Ananichapa vidole kwa kalamu: "Mtu mzima hovyo, hesabu!" Ndani ya bahasha kuna mdundo wetu wa kuingilia uwanjani, ule ambao haujawahi kuandikwa. Nimeuandika mimi. Mstari wa tatu una kosa, nalisikia ila sijui kulirekebisha. Nirekebishie, mwanangu.

Sheria haijabadilika, utabeba matoazi. Ila tarehe tisa nami nitakosa kambi, maana tiketi ya fainali ninayo mfukoni. Kwa hiyo mwaka huu jozi ya pili ni yangu.

Baba yako